Vifaa vya jikoni navyo viseme Kiswahili

Mwalimu anapomaliza kujenga nyumba yake, baada ya miaka mingi ya kukatwa mshahara na chama cha akiba na mikopo, kazi inayobaki huonekana kuwa ndogo. Kuta zimesimama, bati limekaa, fundi wa mabomba amelipwa. Limebaki jiko. Hapo ndipo mume na mke huketi na kalamu wakaorodhesha watakachonunua: jiko la gesi, friji, birika la umeme, blenda, pengine na maikrowevu iwapo mkopo haujaisha. Orodha hiyo huandikwa kwa Kiingereza hata pale wenyewe wanapojadiliana kwa Kiswahili, Kikamba au Kiluhya, na naamini kwamba shida ninayotaka kuijadili leo huanzia katika karatasi hiyo.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana kazi gani na majiko. Ana kazi kubwa. Ukiingia katika duka lolote la vyombo vya umeme Nairobi, Nakuru au Kisumu, utakuta kwamba kila kifaa kimeandikwa, tena kimeandikwa sana. Kuna maandishi mgongoni, kuna vibandiko kifuani, kuna kijitabu ndani ya sanduku. Kijitabu hicho aghalabu huwa na lugha tatu au nne: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, mara nyingine Kireno au Kichina. Kiswahili hakimo. Kifaa kimevuka bahari nzima, kikateremshwa Mombasa, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mama ya wenyeji wake, lakini hakina hata sentensi moja ya kumwambia mnunuzi kwa lugha hiyo kwamba asikiguse kwa mikono iliyolowa.

Si kwamba lugha yetu ni geni jikoni. Neno jiko lenyewe lina historia ya kupendeza. Wingi wake wa kale ni meko, kama vile wingi wa jino ulivyo meno. Baadaye watu wengi wakaanza kusema majiko, na meko likabaki kwa maana ya mahali pa kupikia, penye mafiga na majivu. Kumbe neno halikufa. Siku hizi humu Kenya meko ndilo jina la ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Mwanafunzi wa chuo kikuu anapotangaza kwamba amenunua meko yake ya kwanza, anatumia wingi wa kale kuwa umoja wa kifaa kipya, na wala hakuna kamati iliyokaa kumwamulia. Jiko pia ni chumba, na ni chombo, na katika mazungumzo ya vijana kupata jiko ni kuoa. Maana hiyo ya mwisho siipendi, nitaeleza sababu baadaye.

Vyombo vingine navyo vinasimulia safari za watu waliopita pwani yetu. Meza tuliipata kwa Wareno. Sahani na birika vilitujia kwa njia ya Kiarabu. Karai na tawa la kupikia chapati ni vya Wahindi. Beseni na jagi ni vya Mwingereza. Chungu, mwiko, kinu na mchi ni vyetu tangu asili, na mbuzi ya kukunia nazi ni ushahidi kwamba wazee wetu hawakushindwa kukipa kifaa jina kwa kukitazama tu na kukifananisha na mnyama. Jiko la Mswahili basi ni kamusi nzima. Kila mgeni aliyeleta chombo alikileta pamoja na jina lake, jina likafinyangwa likakaa vizuri mdomoni, na maisha yakaendelea.

Nalisema hili kwa sababu walimu wenzangu wana tabia moja inayoniudhi. Mwanafunzi akiandika friji katika insha, hukatwa kwa wino mwekundu na kuandikiwa jokofu. Jokofu ni neno zuri, limo katika kamusi, nami hulitumia. Lakini friji limetembea njia ile ile iliyotembewa na meza: limepata irabu mwishoni, limeingia katika ngeli, linapatanisha sentensi bila taabu. Tunasema friji hii imeharibika, friji hizi zimeharibika, na hakuna sikio linalokereka. Anayelikata friji kwa sababu ni la kukopa hana budi kuikata na meza anayosahihishia. Ubishi wa jokofu na friji umetupotezea muda mwingi katika makongamano yetu, ilhali kijitabu kilichokuja na hiyo friji hakina moja kati ya maneno hayo mawili.

Turudi dukani, maana huko ndiko pesa zinakopotea. Chukua hiyo friji. Kwenye mlango wake imebandikwa karatasi yenye nyota. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2016 kuhusu matumizi ya nishati, kifaa hupewa nyota kuanzia 1 hadi 5, na kadiri nyota zinavyozidi ndivyo kinavyokula umeme kidogo kwa kazi ile ile. Sasa fungua mlango. Kwenye sehemu ya kugandishia utaona nyota nyingine, moja, mbili au tatu. Hizo hazihusiani hata kidogo na umeme. Zinaonyesha ubaridi: nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni nyuzi 12, tatu ni nyuzi 18. Alama moja, maana mbili, katika kifaa kimoja. Darasani tunaiita hali hiyo homonimia na kuitolea mifano ya kaa na paa. Dukani humfanya mtu alipe zaidi kwa nyota tatu za barafu akidhani amenunua nyota tatu za kubana matumizi.

Ndani ya friji hiyo hiyo mna kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5, au hadi 7. Mtu asiyeelezwa hudhani namba hizo ni nyuzi za joto, kwa hiyo akitaka baridi zaidi huzungusha kuelekea 1. Sivyo. Namba zinaonyesha nguvu ya kupoza. 7 ndiyo yenye baridi kali kuliko zote. Maziwa yanaganda upande mmoja au yanachacha upande mwingine, kisha lawama huangukia kampuni iliyounda friji, fundi aliyeirekebisha, au msichana wa kazi. Kijitabu kinaeleza jambo hili katika ukurasa wa 9, kwa Kiingereza cha kutafsiriwa kutoka lugha nyingine, Kiingereza ambacho hata mimi mwenye shahada ya uzamifu hulazimika kukisoma mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wetu hawalisemi wakati wa kuipakia friji kwenye matatu au pikipiki. Ikilazwa, mafuta ya mtambo wake wa kupozea hutiririka kuingia katika mirija yasikotakiwa. Ikifika nyumbani isimamishwe wima, iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Maneno hayo yote yanatosha katika mistari miwili ya Kiswahili chepesi. Mistari hiyo ikikosekana, kifaa cha mshahara wa mwezi mzima chaweza kufa siku ya kwanza, na dhamana ikakataliwa kwa sababu mnunuzi hakufuata maagizo.

Ama kuhusu jiko lenyewe, nawashauri wanaochagua watazame kwanza chakula kinachopikwa nyumbani mwao, ndipo watazame picha zilizo kwenye sanduku. Vijitabu hivi havikuandikwa kwa ajili ya ugali. Kusonga ugali wa watu wanane ni kazi ya mabega. Jiko lenye vyuma vyembamba vya kuegemeza sufuria huyumba, na sufuria huteleza na kile kilichomo. Mpishi na aende dukani mwenyewe, auweke mkono juu ya vyuma hivyo na kuvisukuma. Muuzaji atashangaa, na amwache ashangae.

Tazama pia haya majiko mapya ya umeme yenye uso wa kioo, ambayo hupasha joto kwa nguvu ya sumaku. Ni majiko mazuri, hayatoi moshi wala moto wazi, na hayapotezi joto ovyo. Hata hivyo sufuria nyingi katika nyumba zetu ni za alumini, na alumini jiko hilo haliitambui. Utaliwasha, litalia kidogo, kisha litazima. Linataka chombo chenye chuma kinachoshikwa na sumaku. Mwalimu mwenye sumaku ya kubandikia karatasi ubaoni anaweza kuijaribu kwenye kitako cha kila sufuria aliyo nayo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Isiponata, bei ya jiko ijumlishwe na bei ya sufuria mpya. Hili nalo limeandikwa kijitabuni, kwa neno ambalo wanafunzi wa fizikia wa kidato cha nne huenda wakalijua na ambalo bibi yao hatalijua kamwe.

Au tuzungumzie muda wa kupika. Kijitabu cha chungu cha presha cha umeme, kile ambacho wengi hukiita preshakuka, hutoa jedwali la dakika za kuivisha maharagwe, nyama na wali. Jedwali kama hilo kwa kawaida huandikwa kwa kukadiria mtu aliye karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na humo maji huchemka kwa takriban nyuzi 94. Panda kuelekea Nyahururu na nyuzi hizo zinazidi kupungua. Ndiyo maana githeri ya nyanda za juu hukaa motoni saa tatu huku mpishi wa Mombasa akishangaa. Chungu cha presha hufunga mvuke ndani, joto likapanda kupita nyuzi 100, na hivyo humfaa mtu wa Nyeri hata zaidi ya mtu wa Malindi. Kama chombo ni cha wati 1,000 na maharagwe yakakaa dakika 45, hakiwezi kutumia zaidi ya robo tatu ya kizio kimoja cha umeme, na kwa kweli hutumia chini ya hapo kwa sababu hujizima na kujiwasha. Hesabu hii ni ya darasa la saba, lakini sijaiona ikifanywa dukani. Kampuni ya umeme nchini imefanya kampeni ya kuwahimiza watu wapike kwa vyombo vya namna hii, na ikaiita Pika na Power. Jina hilo limewafikia watu, silibezi. Nasikitika tu kwamba neno lililo muhimu zaidi, umeme, ndilo lililoonekana halina mvuto.

Kuhusu umeme kuna jambo moja dogo la hatari. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mraba, kwa volti 240. Vifaa vingine huletwa vikiwa na plagi ya pini mbili za mviringo, na sote tumeona dawa yake: mtu huchomeka kalamu katika tundu la juu ili matundu mawili ya chini yafunguke, kisha akashindilia plagi. Wanafunzi katika mabweni ndio mabingwa wa ufundi huo, hasa wale wanaochemshia chai kwa koili ndani ya ndoo ya plastiki huku mlango umefungwa ili mlinzi asisikie harufu ya mayai. Lile tundu la juu ndilo la waya wa ardhini, unaomlinda mtumiaji umeme unapovuja hadi kwenye bati la kifaa. Anayelipita anauondoa ulinzi huo kwa mkono wake. Plagi ya kifaa cha jikoni na iwe ya pini tatu, yenye fyuzi yake ndani. Kama sivyo, kifaa kibaki dukani hata bei yake ikiwa ya kutupa.

Yote hayo ni madogo yakilinganishwa na gesi. Nani asiyeukumbuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka Embakasi, Nairobi, katika mtaa wa makazi, ikaua watu na kujeruhi mamia? Chanzo kilikuwa kituo cha kujazia mitungi kilichoendeshwa bila leseni, wala si jiko la mtu. Lakini wengi wetu tulishtuka usiku ule kutambua jinsi tunavyoijua kidogo bidhaa tunayolala nayo chumba kimoja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini ikatoka. Hutambaa sakafuni, ikajikusanya chini ya meza na nyuma ya mlango. Yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya tunayoijua hutiwa makusudi ili pua itutahadharishe. Kuvuja kwake hupimwa kwa povu la sabuni kwenye viungo vya mpira na kichwa cha mtungi: povu likifura kwa vipovu, kuna tundu. Wapo wanaopima kwa kiberiti.

Na hata mizani ni suala la lugha. Kwenye shingo ya mtungi hupigwa chapa ya herufi mbili za Kiingereza zikifuatwa na namba. Hizo zinaonyesha uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Mnunuzi akitaka kujua kama gesi aliyouziwa ni kilo 6 kweli, mtungi upimwe, kisha uzito huo mtupu utolewe. Kinachobaki ndicho gesi. Wangapi wanaijua maana ya herufi hizo? Mama anayenunua gesi kwa kuutikisa mtungi na kusikiliza hafanyi hivyo kwa ujinga. Amenyimwa maana ya herufi mbili tu.

Wala siwaambii watu waiogope gesi wakarudi kwenye makaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020 peke yake, na wanaoumia zaidi ni akina mama na watoto wachanga wanaokaa karibu na moto. Jiko la kauri, lile la bati lenye udongo uliochomwa ndani, lilipoenea nchini tangu miaka ya 1980 lilipunguza makaa yanayotumika, na mafundi wetu wa jua kali wanastahili heshima kwa kazi ile. Hata hivyo moshi ni moshi. Tangu ukataji miti ulipopigwa marufuku katika misitu ya umma mwaka 2018, makaa nayo si ya bei rahisi tena. Serikali kwa upande wake imeyumba: ilitoza gesi ushuru wa asilimia 16 mwaka 2021, ikaupunguza kuwa asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikauondoa mwaka 2023. Mwalimu anayechagua leo ana sababu za kutosha za kuchagua gesi, au umeme, au vyote viwili. Nisemalo ni kwamba mlango wa kuingilia katika matumizi hayo usiwe Kiingereza.

Maana ni nani hasa anayetumia vifaa hivi? Nilisema sipendi ule usemi wa kupata jiko. Sababu yake ni kwamba umegawanya kazi kwa namna ya ajabu: anayelipa ndiye anayechagua, anayechagua ndiye anayesoma Kiingereza, na anayepika ni mtu mwingine kabisa. Katika nyumba nyingi za walimu, watu wawili hutoka asubuhi kwenda kufundisha wakamwachia jiko msaidizi wa nyumbani aliyeishia darasa la sita, au mama mzazi aliyekuja kumtunza mjukuu. Yeye ndiye anayewasha gesi saa nne asubuhi, peke yake, na mtoto mgongoni. Kijitabu kimefungiwa kabatini pamoja na risiti. Hata angekitoa asingepata ndani yake lugha anayoisoma. Kama tungekuwa watu wa haki, mtu huyo ndiye angepelekwa dukani, na swali la kwanza lingekuwa kama anayaelewa maandishi ya kifaa.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ni lugha rasmi, basi inatosha. Wasome vizuri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja. Habari iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mtumiaji, katika nchi ambayo lugha ya taifa anaielewa, ni habari gani? Sheria ya kumlinda mtumiaji imekuwako tangu mwaka 2012, na bado vibandiko vya Kiingereza peke yake hupita bandarini bila swali.

Wengine watasema haiwezekani, kwamba ni ghali, kwamba istilahi hazipo. Hoja ya gharama ni dhaifu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2007, na menyu yake inapatikana kwa Kiswahili kwa yeyote anayeitaka. Pesa zilipotakiwa kutoka mfukoni mwa mama mboga, Kiswahili kilipatikana. Mwenye kiwanda anayechapisha kijitabu kwa lugha tano anaweza kuchapisha ya sita, hasa akijua kwamba akivuka mpaka kwenda Tanzania ataikuta lugha hiyo hiyo ikimsubiri, na soko kubwa zaidi.

Hoja ya istilahi nayo ni yetu sisi wanaisimu, na hapa sina budi kuwasema wenzangu. Tumezoea kuunda maneno ofisini tukayachapisha katika orodha ambazo hazitoki maktabani. Maikrowevu imepewa majina kadhaa ya kitaalamu, moja likisema tanuri, jingine likisema mawimbi, na sijasikia hata moja likitamkwa jikoni. Mtumiaji hahitaji sana jina jipya la kifaa. Anahitaji sentensi. Anahitaji kuambiwa: usitie chombo cha chuma, usipashe yai likiwa na ganda lake, usiiwashe ikiwa tupu. Hakuna neno hata moja hapo linalosubiri kamati. Tulipokuwa tukibishana kuhusu nomino, vitenzi vilikuwa tayari miaka yote hiyo, vimekaa kitako.

Katika jambo hili walimu wana nguvu kuliko wanavyodhani. Sayansi Kimu imefundishwa katika shule zetu kwa Kiingereza, miaka nenda miaka rudi, kana kwamba wanafunzi wataenda kupika Uingereza. Msichana aliyepata alama nzuri katika somo hilo anajua jina la kila sehemu ya jiko la gesi, lakini hawezi kumweleza nyanya yake kwa lugha wanayoelewana wote wawili jinsi ya kulifunga. Mwalimu wa Kiswahili naye humpa mwanafunzi yule yule insha ya ajali aliyoishuhudia barabarani, mwaka baada ya mwaka, mpaka ajali zenyewe zimekuwa za kunakiliwa. Kwa nini asimpe kijitabu halisi cha birika la umeme akifasiri? Kazi hiyo ina kila kitu: hali ya kuamuru na kukanusha, hali ya masharti, vielezi vya wakati, uchaguzi wa msamiati kulingana na msomaji. Tena ina jaribio ambalo insha ya ajali haina: mwanafunzi aipeleke nyumbani, aisome kwa sauti, aone kama anayepika ameelewa.

Nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi la namna hiyo muhula huu. Niliwataka waandike onyo la gesi linaloweza kubandikwa ukutani, lisizidi maneno 30, na lisiwe na neno ambalo mtu wa darasa la sita hatalielewa. Wengi walianza na "iwapo utabaini uvujaji", maneno ya mtu anayetaka cheo. Baada ya kufuta na kufuta tukafikia hili, ambalo msomaji ana ruhusa ya kulinakili na kulibandika kwake, mbali na moto na mahali ambapo macho ya mpishi yanafika:

Ukinusa gesi, funga mtungi. Fungua milango na madirisha. Usiwashe taa, usizime taa, usiguse swichi. Usiwashe kiberiti. Toa watoto nje, nawe utoke. Ita fundi ukiwa nje.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tuseme "usizime taa" wakati taa iliyowaka tayari inawaka. Swali zuri. Swichi hutoa cheche inapozimwa kama inapowashwa, na gesi haichagui. Tukaliacha neno hilo lilivyo.